Kutoka Kitintale hadi Mtongwe: Safari ya Kufuata Sakafu

Sisi tuliojifunza skeitibodi kwenye mbao pana za miaka ya 1980, zile zenye pua butu na mkia mmoja uliopinda, tuna tabia ya kutazama Magharibi. Tukikutana tunaonyeshana picha za mabakuli ya saruji ya California na ngazi za Barcelona, kila mmoja akisema siku moja atafika. Mimi nimerudi majuzi kutoka safari ya upande mwingine. Nilianzia karibu na Ziwa Victoria nikamalizia ng'ambo ya bandari ya Kilindini, katika mtaa ambao sijasikia mskeitaji yeyote wa rika langu akiutaja. Naandika juu ya Mtongwe kwa kuwa niliyoyaona kule ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta muda mrefu.

KITINTALE

Barabara ya Port Bell hutoka Kampala mjini ikapita Bugolobi, kisha nyumba zinaanza kubanana, migomba inachungulia nyuma ya mabati, na upepo wa ziwa unakufikia kabla hujaliona ziwa lenyewe. Niliteremka asubuhi ya Jumatatu, nikanunua rolex kwa mama mmoja aliyekuwa akikunja mayai ndani ya chapati bila kutazama mikono yake, nikala nikiwa nimesimama. Huko mbele, katikati ya makazi, ndiko kuliko na kuta za saruji zilizojulisha Kitintale kwa wapenzi wa mchezo huu duniani.

Zilianza kujengwa mwaka 2006. Jackson Mubiru, Shael Swart na vijana wa mtaa ndio waliochimba, wakachanganya zege na kulisawazisha kwa mikono. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa muungano wa waskeitaji wa Uganda, na baadaye mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, akaja kuishi nao na kuwapiga picha zilizozunguka dunia. Nilizijua picha hizo kwa miaka mingi. Kitu ambacho picha haziwezi kukuambia ni jinsi saruji ile inavyoongea na miguu. Kila kiraka kina sauti yake. Kuna mahali ukuta umejaa kidogo kuliko inavyopasa, na anayeujua hukunja goti mapema, asiyeujua hurushwa. Watoto wa pale wanaujua wote, hata gizani.

Nilikaa ukutani nikawatazama hadi jua likawa kali. Nilikuwa nikiwaza jambo moja: mchezo huu umekuwa ukifuata sakafu tangu siku ya kwanza. Wateleza-mawimbi wa California waliouanzisha miaka ya 1950 walikuwa na barabara laini za vitongoji, ndiyo maana siku bahari ilipotulia walipigilia magurudumu chini ya mbao. Magurudumu yao ya mwanzo yalikuwa ya chuma, kisha yale yaliyoitwa ya udongo, na kokoto moja ilitosha kukuangusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya poliyurethani yanayong'ata lami badala ya kuteleza juu yake, na mchezo uliokuwa umekaribia kufa ukafufuka. Halafu ukaja ukame wa 1976 na 1977, mabwawa ya kuogelea yakaachwa matupu, na vijana wakagundua kwamba ukuta wa mviringo unaweza kupandwa. Hakuna aliyeyajenga mabwawa yale kwa ajili yao. Kitintale, kwa upande wake, ni ukuta uliojengwa makusudi na watu wasio na bwawa wala barabara ya lami mlangoni, na kwangu mimi hilo ni tendo kubwa zaidi.

KANGEMI

Basi la usiku lilipita Jinja, likapita Tororo penye ule mwamba na kiwanda cha saruji, likavuka mpaka. Nairobi ilinipokea kwa baridi. Siku ya Jumatano nilikwenda Kangemi, upande wa magharibi wa mji, ambako kituo cha Shangilia kinalea watoto waliowahi kuishi mitaani. Anne Wanjugu alikianzisha mwaka 1994 kwa njia ya maigizo: aliwakusanya watoto, akawapa jukwaa, na baada ya jukwaa yakafuata makao na shule. Mwaka 2013 shirika la Ujerumani, skate-aid, lililoanzishwa na Titus Dittmann, mwalimu wa zamani wa Münster, likajenga hapo uwanja wa skeitibodi wa zege.

Sakafu ya Kangemi ni laini mno. Nilipoweka ubao wangu wa zamani chini, uliondoka wenyewe. Kwa watu wa rika langu, waliozoea kuvuta mguu kwenye maegesho yenye nyufa, uwanja huu unaweza kukutoa machozi, na mimi ulinitoa. Nililopenda zaidi hata hivyo ni kuanguka kwa watoto. Kituo hiki kinafundisha sarakasi, na mtoto wa sarakasi anapoanguka kwenye ubao hajikazi. Anakunja bega, anabingirika, anainuka akiwa tayari ameshautafuta ubao kwa macho. Sisi tulijifunza kuanguka kwa kuvunjika viganja.

Mwalimu mmoja kijana aliniuliza ninakokwenda. Nikamwambia Mtongwe, Mombasa, kwa rafiki yangu aliyekulia kule, ambaye ameniambia kuna watoto wanateleza. Akauliza, "Kuna uwanja?" Nikamjibu hakuna. Akaniletea mfuko wenye beringi zilizotumika, zilizosafishwa kwa mafuta ya taa, akasema niwapelekee.

MOMBASA

Treni ilipita Tsavo mchana. Wekundu wa udongo, tembo waliojipaka wekundu huohuo, kisha mibuyu ikaanza, na hewa ikawa nzito ya chumvi. Jioni nilikuwa Mama Ngina, ufukweni panapotazamana na mlango wa bahari, mahali palipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019. Familia zilikuwa zimekaa ukutani na mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, viazi karai, mabuyu mekundu yanayopaka vidole. Chini ya mibuyu mikongwe vijana wa viatu vya magurudumu walikuwa wakipishana na wapita njia kwa ustadi, mmoja akirudi kinyumenyume huku akizungumza na wenzake.

Lakini Mombasa ni mji wa kabro. Vijia, maegesho, nyua za maduka, kote kumetandikwa matofali yale madogo ya saruji yanayofungamana, na kila kiungo ni mfereji mwembamba. Magurudumu magumu ya milimita 52, wanayotumia vijana wa leo, hutetema juu ya kabro mpaka meno yagongane. Nilikuwa nimekuja na ya kizamani: milimita 64, laini. Yalipita. Hapo nilitambua kwamba vifaa vya rika letu, vinavyochekwa na wenye kuruka ngazi, vinaifaa pwani hii kuliko vyao.

LIKONI

Alfajiri ya Ijumaa nilivuka. Ukivuka kwa miguu hulipi kitu kivukoni Likoni, nawe huvuki peke yako: ni maelfu, wenye mabeseni ya samaki, wanafunzi, mabuibui, baiskeli, na wasukuma mikokoteni. Hao wa mwisho niliwatazama kwa makini, maana wao ni mabingwa wa mteremko ambao hakuna anayewapa medali. Njia ya kuingilia kivukoni inashuka. Mkokoteni umebeba magunia mpaka humuoni msukumaji. Anaegemea nyuma, visigino vimekita, uzito wote anausoma kwa mgongo, na kila anapotaka kupinda hupinda kwanza kwa kiuno. Mwili wa mskeitaji hufanya kazi hiyohiyo.

Ng'ambo, matatu ya Mtongwe hukata kulia na kuuacha msongamano wa barabara ya Lunga Lunga. Ghafla kunakuwa na minazi, miembe, nyumba za matumbawe zilizopakwa chokaa, nyingine za udongo na makuti, na kati yake magorofa mapya ya kupangisha.

MTONGWE

Kijiografia Mtongwe ni bega la bara linalotazama kisiwa. Simama kwenye ukingo wake nawe utaona bandari ya Kilindini yote imejipanga mbele yako: kreni, makontena ya rangi zote, meli zinazoingia polepole mpaka unafikiri zimesimama. Chini ni mikoko na matope yenye kaa. Kambi ya Jeshi la Wanamaji iko hapahapa, kwa hiyo upande ule hupigi picha. Wanaakiolojia wa Kijapani kutoka Nagoya walichimba Mtongwe wakapata zana za mawe za watu wa kale sana. Wenyeji, Wadigo na Waswahili na waliokuja kufuata kazi za bandari, wanaishi juu ya tabaka hizo bila kelele.

Siku ya kwanza rafiki yangu alinitembeza kwa jamaa zake. Nyumba ya kwanza tulipewa mahamri na mbaazi za nazi, ya pili tukapewa tena, na ya tatu ikawa wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchunga, mboga chungu ambayo Mdigo akiikosa wiki nzima hulalamika. Huko hutakiwi kukataa. Nyanya wa nyumba aliutazama ubao wangu, akaugeuza, akazungusha gurudumu kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, hiki cha mtoto gani?" Nikamwambia changu. "Na miaka hiyo yote?"

Nikamsimulia habari za Paris. Kwamba Agosti 2024, kwenye Olimpiki, Andy Macdonald wa Uingereza alishindana akiwa na miaka 51, na Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini akiwa na 49, kwenye bakuli lilelile walimopita watoto ambao wao wangeweza kuwa babu zao. Nikamwambia pia kwamba huyu Oberholzer ametumia miaka mingi kufundisha watoto wa vijijini KwaZulu-Natal kuteleza. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wewe bado kijana. Kula."

Alasiri niliwasikia kabla sijawaona. Sauti ya beringi tupu juu ya lami ni mngurumo mkavu wenye mlio juu yake, nayo huwezi kuichanganya na nyingine. Walikuja wakiteremka kutoka juu ya mtaa, watoto sita au saba juu ya vigari vya mbao: ubao mmoja wa kukalia, ubao wa mbele uliotobolewa katikati ili ugeuke kwa miguu au kwa kamba, beringi za tuktuk na pikipiki zilizopigiliwa kwenye ncha za ekseli ya mti. Breki ni champali. Mmoja, msichana wa miaka kumi hivi mwenye mtandio uliofungwa nyuma ya shingo, alikuwa amesimama badala ya kukaa, upande upande, mguu wa kushoto mbele. Hakuna aliyemfundisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa California kabla ya kuwa na maduka: mbao, misumari, magurudumu yaliyong'olewa kwenye viatu, na mtoto mmoja aliyeamua kusimama.

Niliwaonyesha ubao. Waliuchungulia chini mara moja, kwenye mitambo. "Beringi zako ndogo, mjomba," alisema msichana. Ndogo kweli: namba 608, tundu la milimita 8, kipenyo cha 22, mbili kwa kila gurudumu. Nilipotoa mfuko wa Kangemi walizipima kwa macho ya mafundi, wakazizungusha sikioni wakisikiliza, wakazitenga nzuri na mbovu. Walikuwa sahihi kwa zote.

Tatizo lao ni sakafu. Lami ya Mtongwe ni njia ya matatu na bodaboda, na pembeni yake kuna mchanga unaomeza gurudumu. Vichochoro ni udongo na mizizi. Mwendo wanao, na ujasiri na vifaa wanavyojitengenezea. Pa kugeukia hawana.

SAKAFU YA MSTAAFU

Rafiki yangu alijua mahali. Pwani watu hujenga kwa awamu: mwaka huu msingi, mwaka mwingine sakafu, kisha wanangoja. Mzee mmoja mstaafu wa bandari alimwaga zege la nyumba yake miaka kadhaa iliyopita, likapigwa niru safi, halafu ada za shule za wajukuu zikala fedha za matofali. Sakafu imebaki, upana wa vyumba vinne bila ukuta hata mmoja, ikitazama maji.

Tulikwenda Jumamosi baada ya alasiri kuswaliwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye jamvi chini ya mwembe. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Kwenye jamvi lile mazungumzo hayaanzi na haja. Tulianza na mvua, bei ya nazi, nani anaumwa. Akatuonyesha kwa bakora mahali kilipokuwa kikiegesha kivuko cha Mtongwe. Alikitumia miaka yote ya kazi. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri hiyo ilipinduka na watu 272 wakafa, hapo, mbele ya macho ya mtu yeyote aliyesimama ufukweni. Yeye alikuwa upande wa kisiwa akitoka zamu ya usiku, akingoja irudi imchukue. Alitaja waliokwenda: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mwalimu, muuza maandazi. Tulinyamaza naye. Mtongwe ndogo hivi, karibu kila nyumba ya zamani ina jina lake katika orodha ile, na mgeni anapaswa kulijua hilo kabla ya kusifu mandhari.

Baadaye ndipo rafiki yangu akaeleza haja. Mzee akauliza kama magurudumu yatakwaruza niru yake. Nikampa ubao auone, akabonyeza gurudumu kwa ukucha. "Wacheze," akasema. "Mpaka nipate matofali."

Walikwenda kuitana. Sakafu ile inanguruma kwa sauti ya chini, ya kuridhisha, na watoto waliposikia upole wa magurudumu laini walitazamana. Yule msichana alipanda ubao wangu, akasukuma, akafika ukingoni, akasimama. Hakuna mahali pa kupanda. Akanirudia. "Mjomba, unageukaje?"

Aliyejibu swali hilo ni fundi. Alikuwa amekuja kutazama tu, mzee wa makamo mwenye chokaa kwenye kope, ndiye aliyeipiga sakafu ile. Nilimweleza ukuta wa mviringo: unaanza chini kama sakafu, unapanda kidogo kidogo, mpaka gurudumu lisijue lilipoacha kutembea na kuanza kupaa. Kabla sijamaliza aliokota kamba, akapigilia msumari ardhini, akapima futi sita na kuchora mchangani kipande cha duara. "Hili ni tao," alisema. "Nimejenga matao ya misikiti mitatu. Wewe wataka lililolala."

Hapo ndipo nilipokuwa nikielekea tangu Kampala. Watu wa mwambao huu wamesawazisha sakafu kwa karne nyingi. Kwenye nyumba za kale za Lamu na Mombasa chokaa na vipande vya matumbawe vilitandazwa juu ya boriti, halafu watu wakakaa wakivipiga kwa vijiti siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka uso ukawa mgumu na laini wa kutembelea pekupeku. Tao la mihrabu wanalichora kwa kamba na msumari. Ujuzi wote ambao sisi waskeitaji tunaagiza kwa wataalamu wa ng'ambo, mhandisi na mchoro na tiketi ya ndege, ulikuwa umesimama pale na mwiko mkononi.

Jumapili walijenga. Ukuta mdogo, kimo cha goti, upana wa hatua nne, kwenye ukingo wa mashariki. Kujaza walitumia vifusi na mawe ya matumbawe. Mchanga fundi alikataa wa ufukweni, kwa sababu una chumvi na chumvi itakula nondo. Ukaletwa wa mtoni kwa mkokoteni. Alikata ubao wa plywood kwa umbo la tao lake, akautumia kuburuta zege mpaka mkunjo ukawa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Niru ya juu aliipiga mwenyewe, hakumruhusu mtu. Watoto walipewa kazi ya kumwagia maji na kuufunika kwa magunia mabichi, na amri ya siku saba asipande mtu. Mimi nilipaswa kuondoka kabla ya siku hizo kwisha, nikaacha ubao wangu kwa rafiki yangu.

Wiki ya pili nililetewa video. Msichana wa mtandio anasukuma mara tatu, anapanda, magurudumu ya mbele yanagusa ukingo, anageuza kiuno na kushuka akiwa anatazama upande aliotoka. Nyuma ya kamera fundi anasikika akisema, "Apishe mwengine sasa." Mstaafu ameshaomba ujengwe wa pili, upande wa maji, maana amegundua matofali yanaweza kungoja na wajukuu wake hawawezi.

Kwa wenzangu wenye mbao za zamani zinazokusanya vumbi juu ya kabati: ukifika Mombasa, vuka Likoni, panda matatu ya Mtongwe, uliza sakafu ya watoto. Beba magurudumu ya milimita 60 kwenda juu, laini, yako na ya kuacha. Beba beringi za 608. Msukumo wa kwanza uanzie upande wa mwembe, kwa sababu karibu na ukingo wa kusini kuna ufa ambao fundi anasema atauziba akipata saruji. Na kabla ya kuweka ubao chini, kaa kwanza jamvini umsalimie mzee.